Gari la Spoti Mbele ya Mkaguzi: Yapi Kweli, Yapi Uongo

Mpwa wangu anasoma Coventry, katikati ya Uingereza. Mwezi uliopita aliniandikia, shikamoo na swali vikiwa vimebanana kwenye mstari mmoja: "Shikamoo mjomba, nimeona Mazda MX-5 ya mwaka 2003, paa la turubai, bei naiweza, lakini wenzangu wanasema gari la spoti halipiti MOT, ni kweli?"

Nina gari la viti viwili katika nchi hii kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Kila mwaka nalipeleka kukaguliwa, na kila mwaka, pale kwenye kiti cha kusubiria, nasikia madai yale yale yakitolewa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajawahi kuinama kutazama chini ya gari lao. Nimemwahidi kijana kumjibu dai kwa dai, kwa sababu fedha anazotaka kutoa ni akiba yake ya miaka miwili ya kazi za usiku.

Kwanza, MOT yenyewe. Ni ukaguzi wa kila mwaka ambao gari dogo la Uingereza huanza kuupitia likitimiza miaka mitatu. Herufi hizo zinatokana na jina la Wizara ya Uchukuzi ya enzi hizo. Wizara imebadilishwa jina mara kadhaa, ukaguzi umebaki nalo. Ulianza mwaka 1960, Ernest Marples akiwa waziri, kwa magari yenye umri wa miaka kumi na kuendelea, na vilivyotazamwa vilikuwa vitatu tu: breki, taa na usukani. Magari yaliyoanguka yalikuwa mengi kiasi kwamba umri ukateremshwa hadi miaka saba mwishoni mwa 1961, kisha mitatu mwaka 1967. Msomaji wa Dar es Salaam aliyezoea stika ya Nenda kwa Usalama asidhani hapa trafiki anazunguka gari mara moja na kubandika karatasi. Gari hupandishwa kwenye lifti ndani ya gereji yenye kibali, na mkaguzi aliyesomea kazi hiyo huingia chini yake na tochi. Kwa magari ya kawaida, karibu matatu kati ya kila kumi huanguka mara ya kwanza.

"Gari la spoti huanguka kuliko gari la kawaida."

Si kweli. Ushahidi ulio wazi kuliko wote hautoki Uingereza, unatoka Ujerumani. Huko gari hukaguliwa likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kila mwaka taasisi za ukaguzi za TÜV hutoa ripoti inayopanga modeli za magari kwa kiwango cha magari yaliyokutwa na kasoro kubwa. Gari moja lililowahi kukaa kileleni mwa orodha hiyo zaidi ya mara moja si gari la familia wala gari la mzee anayekwenda kanisani Jumapili. Ni Porsche 911. Na halikukaa kileleni kwa magari mapya peke yake. Hata katika kundi la magari yaliyokwisha kuzeeka, 911 limeyashinda magari ambayo wakati yanauzwa bei zake hazikufika hata robo ya bei ya 911.

Basi wenzake mpwa wangu wamekosea. Lakini asishangilie bado, maana dai linalofuata ndilo linalowaponza watu wenye akili zao.

"Yanapita kwa sababu yameundwa vizuri zaidi."

Nusu yake ni kweli. Bodi la 911 lilianza kutengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki kwenye modeli za 1976, na zinki ni adui mkubwa wa kutu. Lotus Elise, lililotoka 1996, lina chesisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi na bodi la faibaglasi, kwa hiyo kutu inayomaliza magari mengine haina mahali pa kuanzia kwenye chesisi hiyo. Uhandisi wa namna hii una malipo yake mbele ya mkaguzi, na ni haki kuusifu.

Nusu nyingine haihusiani na kiwanda. Gari la spoti ni gari la pili au la tatu la mwenyewe. Halipeleki watoto shule, halipandi kingo za barabara kutafuta maegesho, na majira ya baridi, serikali za mitaa zinapomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, lenyewe liko bandani limefunikwa. Orodha za ukaguzi hupanga magari kwa umri, hazipangi kwa umbali. Gari la miaka saba lililokwenda maili elfu ishirini linawekwa kwenye mizani pamoja na gari la miaka saba lililokwenda elfu tisini, kisha tunasema la kwanza ni imara. Ongeza na mwenye gari: aliyelipa fedha nyingi kununua Porsche hulipeleka kwa fundi wiki moja kabla ya ukaguzi, taa iliyoungua inabadilishwa, waipa zilizochakaa zinabadilishwa, na mkaguzi analikuta limeshaoga. Makundi yanayoongoza kwa kuangusha magari Uingereza ni taa, mfumo wa springi na shokapu, breki na matairi. Mengi ya hayo mtu anaweza kuyamaliza nyumbani asubuhi moja akiwa na nia.

Kwa hiyo kiwango cha kupita kinapima gari na mwenyewe kwa pamoja, na mimi naamini kinampima mwenyewe zaidi. Nimeliona hili kwa magari ya watu ninaowafahamu. Likiwa jipya, gari la spoti hulelewa kama yai. Likiwa la kale, mashabiki hulikusanya na kulitunza tena. Hatari iko katikati, miaka ile ambayo bei imeshuka hadi kijana yeyote anaweza kulinunua, lakini bei ya matairi na spea zake haikushuka nalo. Gari la mwaka 2003 analolitamani mpwa wangu limeshapita katika mikono ya wakati huo. Swali ni mikono ya nani.

"MX-5 ni Mjapani, haisumbui."

Injini haisumbui. Giaboksi haisumbui. Lakini MOT haikagui kama injini ina nguvu wala kama giaboksi inaingia vizuri. Hata klachi haimo. Na mahali MOT inapotazama kwa jicho kali ndipo MX-5 ya zamani ina udhaifu wake.

Gari hili naliheshimu sana. Lilioneshwa mara ya kwanza Chicago mwezi wa Februari 1989, na kufikia 2016 Mazda walikuwa wametengeneza milioni moja huko Hiroshima. Hakuna gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko hilo. Mengine yaliingia Uingereza yakiwa yameshatumika Japani, yakiwa na jina la Eunos, kwa sababu ile ile inayoyaleta magari ya Kijapani Mombasa na Dar: usukani uko kulia.

Sasa twende chini ya mlango. Kila upande wa gari, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kuna boksi refu la chuma lililo wazi ndani, ambalo mtu hulivuka anapoingia. Waingereza hulitaja kama sisi tunavyotaja kizingiti cha nyumba, na kwa gari lisilo na paa la chuma kizingiti hicho ndicho uti wa mgongo, kwa kuwa hakuna paa la kushikilia nusu ya mbele na ya nyuma zisijikunje. Kwenye MX-5, maji ya mvua yanayotiririka kwenye turubai huingia kwenye mifereji miwili midogo nyuma ya viti, yakapita ndani ya bodi na kutokea chini, karibu na magurudumu ya nyuma. Majani yakiziba mfereji, maji hukosa njia. Hujaa, hufurika, huingia ndani ya kizingiti na kukaa humo. Chuma huoza kutoka ndani kwenda nje. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku nyuma yake kumebaki ganda. Kwenye kizazi cha pili, kile cha 1998 hadi 2005, pia kuna mahali pengine pabaya: mihimili ya chesisi ya mbele, iliyotengenezwa kwa tabaka zaidi ya moja za chuma, ambako maji huingia katikati ya tabaka na kutafuna kimyakimya.

Kwa nini mkaguzi aangushe gari kwa sababu ya kutu tu? Kwa sababu ya kanuni ya sentimita thelathini. Popote penye kiungo cha mkanda wa kiti, springi, usukani au breki, chuma chote cha kubeba uzito kilicho ndani ya umbali huo lazima kiwe kizima. Sehemu ya nyuma ya kizingiti cha MX-5 iko jirani na viungo hivyo. Tundu la ukubwa wa sarafu kwenye mlango ni aibu tu, gari litapita. Tundu hilo hilo hapo nyuma ni kuanguka, na dawa yake ni kukata chuma kilichooza na kuchomelea kipya. Kubandika faibaglasi na kupaka rangi nyeusi ya lami hakukubaliki, ingawa wapo wanaofanya hivyo kabla ya kuuza, na jambo hili linanikera kupita yote katika biashara hii. Mtu anaficha ufa kwenye uti wa mgongo wa gari ambalo mtoto wa mwenzake atalipanda.

"Tairi nene la spoti likionekana zima, limepita."

Si kweli, na hapa kuna jambo ambalo hata wenye magari wa miaka mingi hawalijui. Magurudumu ya gari la spoti mara nyingi hayasimami wima kabisa. Hulazwa kidogo, juu yakiinamia ndani, ili gari lishike barabara kwenye kona. Matokeo yake ukingo wa ndani wa tairi ndio unaolika zaidi, na ukingo huo ukisimama kando ya gari huuoni. Unaona wa nje, mifereji imejaa, unaondoka umeridhika.

Kisheria, mifereji ya tairi lazima iwe na kina kisichopungua milimita 1.6 katika robo tatu ya upana, zile za katikati, kuzunguka tairi lote. Sikiliza vizuri: robo tatu za katikati. Ukingo wa ndani kabisa unaweza kuwa laini kama mkono na gari likapita kwa kuonywa tu. Kisha, baada ya majuma machache ya safari, nyuzi zinatokeza, na sasa tairi lile lile liko katika daraja la juu kabisa la makosa, lile linaloitwa la hatari. Madaraja hayo yalianza Mei 2018: dogo, kubwa na la hatari. Gari lenye kosa la hatari haliruhusiwi kuendeshwa kutoka pale lilipo hadi litengenezwe, hata kama cheti cha mwaka uliopita bado kina siku zake.

Umri wa tairi ni kisa kingine. Magari yanayolala bandani huwa na matairi yenye mifereji mirefu na mpira uliokauka. Mkaguzi haangushi tairi la gari dogo kwa uzee peke yake. Anataka kuona nyufa zilizofika ndani. Lakini ubavuni pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, na aliyeandikiwa 1409 ajue tairi lake lilitoka kiwandani wiki ya kumi na nne ya 2009.

"Breki kubwa haziwezi kuanguka."

Zinaweza, na hizi zangu zilianguka. Gari langu lilikaa bandani kuanzia Novemba hadi Machi, nikijiona mtunzaji hodari. Nilipolipeleka, breki za mbele zilikuwa na nguvu ya kutisha. Hendibreki upande wa kushoto ilikuwa haishiki kabisa. Kalipa ya nyuma ilikuwa imeganda kwa kukaa bila kazi, na diski zilikuwa na ukoko wa kutu. Mashine ya magurudumu ya chuma inayopima breki haijali ukubwa wala rangi nyekundu ya kalipa. Inapima mambo mawili: jumla ya nguvu ya kusimamisha ukilinganisha na uzito wa gari, na kama kushoto na kulia vinavuta sawa. Gari la kabla ya Septemba 2010 linatakiwa kufikisha asilimia 50 kwa breki ya mguu. La baada ya hapo asilimia 58. Hendibreki asilimia 16. Gari la spoti halianguki kwenye ile 50. Huanguka kwenye usawa na kwenye hendibreki, na mara nyingi chanzo ni kukaa, si kukimbia.

Nilijifunza kwa gharama ya kalipa mbili. Siku hizi hata katikati ya baridi, siku barabara ikiwa kavu na mvua imeshasafisha chumvi, nalitoa.

"Ekzosi yenye kelele na gari lililoshushwa ni kuanguka moja kwa moja."

Si kweli. Hakuna kipimo cha sauti katika MOT. Mkaguzi husikiliza na kuamua kama kelele imezidi mno ile ya gari la aina hiyo lenye ekzosi ya kawaida. Kinachoangusha bila ubishi ni kuondoa masega ya kusafishia moshi kwenye gari lililotoka nayo kiwandani, jambo linalopendwa na wanaotafuta nguvu ya injini. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi ni kuanguka pia, kwa magari ya petroli ya kuanzia Julai 2003. Mpwa wangu alitazame hilo, maana gari lake la 2003 linaweza kuwa upande wowote wa tarehe hiyo. Na kushusha gari si kosa lenyewe. Kosa ni springi isiyokaa mahali pake au tairi linalosugua bodi.

"Likifika miaka arobaini halikaguliwi tena."

Kweli. Tangu 2018, gari lililotimiza miaka arobaini na ambalo halikufanyiwa mabadiliko makubwa halidaiwi MOT. Maana yake ni kwamba MX-5 za kwanza kuuzwa Uingereza, zile za 1990 zenye taa zinazochomoza kama macho ya chura, zitaanza kuachwa huru mwaka 2030. Vile vizingiti nilivyovieleza havitakuwa na wa kuvilazimisha kutazamwa. Sheria bado inamtaka mwenye gari ahakikishe ni salama, na kuendesha gari bovu la kuhatarisha maisha kunaweza kuleta faini ya hadi pauni 2,500. Ila sheria haiingii chini ya gari na tochi. Mimi langu likifika umri huo nitaendelea kulilipia ukaguzi kwa hiari. Ada ya juu kabisa kwa gari dogo ni pauni 54.85, na kwa bei hiyo mtu mwenye ujuzi anatazama mahali ambapo mimi sifiki.

"Lina cheti kipya, kwa hiyo ni zima."

Hili ndilo muuzaji alilomwambia mpwa wangu: cheti cha wiki mbili, bila kosa hata moja. Cheti kinasema gari lilifikia kiwango cha chini siku ile, saa ile. Mkaguzi haruhusiwi kufungua chochote kwa spana. Magari mengi ya spoti yamefunikwa chini kwa mabamba ya plastiki au alumini ili upepo upite vizuri, na ukisoma vyeti vya Elise au Porsche utakuta mara kwa mara maelezo kwamba mabamba yamezuia baadhi ya sehemu zisionekane. Alichofunikiwa hakukikagua. Mara nyingine gari linaloonekana kupita bila doa limepita kwa sababu doa lilikuwa nyuma ya bamba.

Lakini Uingereza ina hazina ambayo natamani kila mnunuzi wa gari la mtumba kwetu angekuwa nayo. Tangu ukaguzi ulipoingizwa kwenye kompyuta mwaka 2005, matokeo ya kila gari yamehifadhiwa, na yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuyasoma bure: lilipita lini, lilianguka kwa nini, lilionywa nini, na mita ilisoma maili ngapi. Cheti kimoja ni picha ya siku moja. Vyeti kumi na tano mfululizo ni maisha ya gari.

Kwa hiyo nilimwomba namba, tukasoma pamoja kwa simu, yeye Coventry na mimi kwangu. Maili zilikuwa zinapanda taratibu, elfu tatu kwa mwaka, hakuna mwaka zilizorudi nyuma. Mwaka 2016, onyo: kutu kidogo, kizingiti cha kulia, nyuma. Mwaka 2017, onyo lile lile, neno "kidogo" limeondoka. Mwaka 2018, vizingiti vyote viwili. Mwaka 2019, kimya. Na kimya hicho kimeendelea hadi cheti cha wiki mbili zilizopita.

"Mjomba, si ina maana vilitengenezwa?"

Inawezekana. Fundi mzuri aliyechomelea chuma kipya anaacha risiti, na mara nyingi picha, kwa sababu ni kazi ya kujivunia. Nimemwambia amuulize muuzaji risiti ya kati ya 2018 na 2019, kisha alale chini mwenyewe upande wa kulia, mbele ya gurudumu la nyuma, agongegonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Chuma kinalia. Faibaglasi na lami havilii. Anakwenda Jumamosi na tochi na kipande cha kadibodi cha kulalia, na muuzaji ameshaambiwa hivyo.